Soriasisi ya Kichwani: Ayurveda Kwenye Mizani ya Sayansi

Magamba meupe yakidondoka mabegani, wa kwanza kulaumiwa huwa mba. Lakini yakiwa mazito, yenye rangi ya fedha, na mabaka yake yakavuka mstari wa nywele hadi kwenye paji la uso au nyuma ya masikio, huenda ni soriasisi. Kwa watu weusi mabaka hayo huelekea zambarau au kijivu, ndiyo maana ugonjwa huchelewa kutambuliwa. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliutaja kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu na usio na tiba ya kuumaliza.

Chanzo chake ni kinga ya mwili. Kwa kawaida ngozi hujibadilisha kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kwenye soriasisi, chembe za kinga huichochea ikue upya kwa siku chache tu, na seli ambazo hazijakomaa hurundikana juu ya ngozi. Kujikuna huzidisha balaa, kwani ngozi iliyojeruhiwa inaweza kuota mabaka mapya.

Nchini India, wagonjwa wengi huwaendea matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya nchi hiyo. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya tiba hiyo, huyagawa magonjwa ya ngozi katika aina 18, na mojawapo inaelezwa kuwa na ngozi kama magamba ya samaki. Matabibu wengi wa leo huilinganisha aina hiyo na soriasisi. Kwao, mwili umepoteza mizani ya nguvu zake tatu: vata, pitta na kapha. Kwa ugonjwa wa kichwani, katika jimbo la Kerala kuna tiba ya takradhara: maziwa yaliyoganda, yaliyotolewa siagi na kuchanganywa na dawa za mitishamba, humiminwa taratibu kichwani bila kukatika. Mafuta ya mimea nayo hupakwa ili kulainisha magamba.

Sayansi haijathibitisha kuwapo kwa nguvu hizo tatu. Hata hivyo, inafahamika kwamba mafuta hulegeza magamba, na kwamba asidi ya laktiki, iliyomo pia katika maziwa yaliyoganda, hulainisha ngozi ngumu. Kumpunguzia mtu muwasho si jambo dogo, ingawa si sawa na kuizuia kinga iliyopotoka.

Mfano wenye funzo kubwa ni bakuchi, mmea wa jamii ya kunde ambao Ayurveda imeutumia tangu kale kutibu mabaka ya ngozi. Mbegu zake zina kemikali iitwayo soraleni. Katika miaka ya 1940, watafiti wa Misri walitenga kemikali za kundi hilo kutoka mmea mwingine wa asili. Mwaka 1974, madaktari wa Marekani walionyesha kwamba mgonjwa wa soriasisi akimeza dawa ya kundi hilo, kisha akamulikwa mionzi ya urujuanimno aina ya A, mabaka hupungua sana. Soraleni hujipachika kwenye DNA, na mwanga huifunga hapo, hivyo seli hupunguza kasi ya kugawanyika. Utafiti wa muda mrefu uliofuata ulifichua pia kwamba tiba hiyo ikirudiwa sana huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Upimaji ulithibitisha nafuu, na upimaji ukaonyesha madhara.

Ndiyo maana neno "asili" halitoshi kuwa dhamana. Mwaka 2004, watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Sumu hizo huharibu figo na ubongo, na mtoto huathirika zaidi.

Anayetaka kujaribu mafuta ya asili ayapake kwanza sehemu ndogo ya mkono, na asiyaweke juu ya vidonda. Aepuke vidonge na unga visivyo na vipimo vya maabara. Asiache ghafla dawa za hospitali, hasa steroidi za kumeza, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Viungo vikianza kuuma au kuvimba, amwone daktari mapema: soriasisi huweza kushambulia maungio na kuyaharibu kabisa. Na amweleze daktari huyo kila mtishamba anaoutumia. Mgonjwa anastahili tabibu anayemsikiliza na dawa iliyopimwa, na hakuna sababu ya kumlazimisha achague kimoja.