Nani Aliigusa Nota Hii?

Mwanafunzi wa piano akikutana na vitabu viwili vya sonata moja vinavyopingana, huuliza kipi kiko sahihi. Mimi huwafundisha wangu kuuliza kwanza: nota hii imepitia mikononi mwa nani?

Wengi hudhani jibu liko wazi: tafuta karatasi aliyoiandika mtunzi kwa mkono wake, mengine tupa. Sonata ya Mozart katika F, K. 332, inakataa. Muswada wake upo, na toleo la kwanza lilichapwa Vienna na Artaria mwaka 1784. Katika sehemu ya pili, ile ya polepole, melodia ya mwanzo hurudi. Kwenye muswada inarudi karibu vilevile ilivyokuja. Kwenye chapa inarudi imejaa mapambo, nota ndefu zikivunjwa kuwa ndogo nyingi zinazopanda na kushuka. Mozart akipiga mwenyewe hakuwa na haja ya kuyaandika. Yalikuwa vidoleni mwake. Mnunuzi wa kitabu alihitaji kuandikiwa. Wahariri wengi huyahesabu mapambo hayo kuwa ya Mozart mwenyewe, na mimi huyapiga bila wasiwasi.

Lakini chapa nayo si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Zama hizo fundi alichonga nota kinyume kwenye sahani ya madini laini, ili karatasi izipokee zikiwa sawa. Vichwa vya nota alivigonga kwa vyuma vya muhuri. Akikosea, aliigeuza sahani, akaigonga kwa nyuma mpaka shimo lisawazike, kisha akachonga upya. Ndiyo maana kwenye chapa za kale huonekana mara nyingine kivuli cha nota iliyofutwa. Kivuli kinakuambia kwamba kuna mtu alisoma na kusahihisha. Kama ni mtunzi au msahihishaji wa kampuni, hilo hakikuambii.

Anayetusumbua zaidi ni Chopin. Kazi zake zilichapwa karibu wakati mmoja Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, kwa kuwa haki ya nchi moja haikumlinda katika nyingine. Prelyudi za Opus 28 zilitoka mwaka 1839. Paris walichonga kutoka kwenye muswada wake. Leipzig walifuata nakala ya rafiki yake, Julian Fontana. Kila mkono uliongeza nafasi ya kukosea.

Tazama prelyudi ya 20, katika C maina, yenye vipimo 13 tu. Kordi ya mwisho ya kipimo cha tatu ina nota E. Kwa muswada wa Chopin, E hiyo haina alama ya flati, hivyo kordi inasikika angavu. Kwenye kitabu cha mwanafunzi wake Mskoti, Jane Stirling, flati imeongezwa kwa penseli, na kordi inageuka ya huzuni.

Wapo wapigaji hodari wanaoshika ile angavu, na muswada uko upande wao. Mimi hupiga ya penseli. Muswada ulikwenda kwa wachapaji mapema. Darasani Chopin aliendelea kuisikia kazi yake ikipigwa na wengine, na aliposikia jambo la kurekebisha, kilichokuwa karibu naye kilikuwa kitabu cha mwanafunzi.