Gundi ya kuua bakteria yatafutwa ili meno yaliyozibwa yadumu zaidi

WANASAYANSI wa tiba ya meno nchini Japani, Marekani na kwingineko wanaendelea na utafiti wa gundi na dawa za kuzibia meno zenye uwezo wa kuua bakteria, ili jino lililozibwa lisioze tena na kumrudisha mgonjwa kitini baada ya miaka michache.

Utafiti huo umepata uzito mpya kwa kuwa dunia inajiandaa kuachana na amalgamu, dawa ya rangi ya fedha ambayo takriban nusu ya uzito wake ni zebaki, na ambayo imetumika kuziba meno kwa zaidi ya miaka 150.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kufanya kazi Agosti 2017, uliwataka wanachama wapunguze matumizi ya amalgamu hatua kwa hatua. Novemba 2025, katika mkutano wao mjini Geneva, Uswisi, wanachama hao walikubaliana matumizi hayo yakome ifikapo mwaka 2034.

Nafasi ya amalgamu inachukuliwa zaidi na dawa yenye rangi ya jino, ambayo ni resini iliyochanganywa na chembe za kioo. Haina zebaki na inapendeza machoni, lakini ina udhaifu ambao wataalamu wamehangaika nao kwa miongo mingi.

Tatizo liko kwenye kiungo

Amalgamu hukaa jinoni kwa sababu tundu huchongwa kwa umbo la kuishikilia, na kutu yake husaidia kuziba nyufa za pembeni kadiri siku zinavyopita. Resini haina sifa hiyo. Ili ishike, ni lazima ipakiwe juu ya gundi maalumu.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1955, pale Mmarekani Michael Buonocore alipoonyesha kwamba kupaka tindikali kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, huifanya iwe na vishimo vidogo ambavyo resini huweza kung'ang'ania. Mwaka 1962 mwenzake Rafael Bowen alipata hataza ya resini ambayo hadi leo ni msingi wa dawa nyingi za aina hiyo.

Resini hiyo hugeuka kuwa ngumu inapomulikwa kwa mwanga wa buluu. Wakati huo husinyaa kwa takriban asilimia 2 hadi 3, na mvutano huo huweza kuacha mwanya mwembamba kati yake na jino. Baadaye maji na vimeng'enya vya mate huila gundi polepole na kuupanua mwanya huo.

Humo ndimo bakteria kama Streptococcus mutans hujificha, mahali ambapo mswaki haufiki. Wakipata sukari hutengeneza tindikali, na madini ya enameli huanza kuyeyuka kipimo cha pH kinaposhuka chini ya takriban 5.5. Jino huoza upya pembezoni mwa sehemu iliyozibwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za kurudia kuziba.

Kila marudio hulazimu kuchonga zaidi, hivyo tundu hukua na kuta za jino hubaki nyembamba. Mwisho wa safari hiyo mara nyingi ni kutibu mzizi, kazi yenye gharama kubwa, au kung'oa.

Gundi yenye silaha

Hatua ya kwanza kubwa ilitoka Chuo Kikuu cha Osaka, Japani. Katika miaka ya 1990 kundi la Satoshi Imazato lilibuni molekuli yenye chaji chanya ya umeme, inayoweza kuungana na resini. Kwa kuwa ukuta wa bakteria una chaji hasi, bakteria wanapogusana nayo ukuta huo huvurugika na kupasuka.

Siri ya ubunifu huo ni kwamba molekuli hufungwa ndani ya gundi inapokauka. Dawa nyingine za kuua vijidudu, zikichanganywa tu na resini, huvuja taratibu na kwisha, na huacha vitundu vinavyoidhoofisha. Kampuni ya Kuraray ya Japani iliingiza sokoni gundi yenye molekuli hiyo katika miaka ya 2000.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakiongozwa na Huakun Xu, walieleza mchanganyiko wa molekuli za aina hiyo na chembe ndogo mno za madini ya fedha, pamoja na fosfati ya kalsiamu inayorudisha madini kwenye jino lililoanza kudhoofika.

Wengine huko Oregon walichanganya resini na kioo cha aina inayotumika pia kutibu mifupa. Katika majaribio yao ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2016, bakteria waliingia hadi asilimia 61 ya kina cha mwanya, ilhali kwenye resini ya kawaida waliufikia mwisho.

Hata hivyo, vikwazo vipo. Molekuli iliyofungwa huua bakteria wanaoigusa tu. Ikishafunikwa na utando wa mate na mabaki ya bakteria waliokufa, nguvu yake hupungua. Kipimo kikizidi, gundi hushindwa kushika, na fedha ikiwa nyingi hubadili rangi ya jino. Aidha, ushindi wa maabara bado unahitaji kuthibitishwa kwa miaka mingi ndani ya vinywa vya watu.

Mchango wa Tanzania

Suala hili linaigusa pia Afrika Mashariki. Mbinu ya kuziba meno bila mashine wala umeme, kwa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 ikihusishwa na Jo Frencken, kisha ikapigiwa debe na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1994.

Mbinu hiyo hutumia saruji ya kioo inayojishika yenyewe jinoni na kutoa madini ya floraidi. WHO iliiingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na watafiti wamekuwa wakijaribu kuiongezea dawa za kuua bakteria.

Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya mwaka 2022, takriban watu bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza. Wakati gundi bora ikisubiriwa, kinga inabaki ile ile: kupunguza sukari, kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kumwona daktari wa meno kabla maumivu hayajaanza, hata kwa jino ambalo tayari limezibwa.