Ofisi ya Parokia Isitegemee Seva Moja ya Majina

Kamati za parokia hutuuliza: mbona kompyuta ya ofisi inadai hakuna mtandao, na huku bando lipo na taa za modemu zinawaka? Mara nyingi kilichokwama ni huduma ya majina, na taarifa ya robo mwaka hulala mezani kwa sababu hiyo tu.

Kompyuta hutafutana kwa namba. Tunapoandika jina la tovuti, seva ya majina hutupatia namba yake, kama balozi wa nyumba kumi anavyomwelekeza mgeni nyumba aitafutayo pale Mabawa, Tanga. Balozi akikosekana, njia na nyumba vipo, lakini mgeni hafiki.

Katika Linux, seva hizo huandikwa kwenye faili /etc/resolv.conf, zisizidi 3:

nameserver 192.168.1.1
nameserver 9.9.9.9
options timeout:2 attempts:2

Ya kwanza hapa ni modemu ya ofisi, ambayo hupeleka swali kwa kampuni ya mtandao. Ya pili ni Quad9, huduma ya bure. Ya kwanza ikikaa kimya, kompyuta kwa kawaida husubiri sekunde 5 ndipo iulize ya pili. Mstari wa mwisho unapunguza kusubiri hadi sekunde 2.

Yako mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, seva ya kwanza ikijibu kwamba jina halipo, kompyuta huridhika na haiulizi ya pili. Pili, katika Linux nyingi za sasa faili hili huandikwa upya na NetworkManager au systemd-resolved, hivyo fundi aweke mabadiliko katika programu hizo. Tatu, seva mbili zinazotegemea njia moja huanguka pamoja. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota sana nchini Tanzania. Hivyo seva moja iwe ya hapa nchini.

Kamati zisipokee kazi bila jaribio. Fundi aweke kwa muda 192.0.2.1, anwani ya mifano isiyojibu, mahali pa seva ya kwanza. Tovuti ikifunguka baada ya kusubiri kidogo, akiba inafanya kazi. Kisha arudishe ya awali.

Wafadhili wetu wapendwa, kazi hii haihitaji kifaa kipya. Inahitaji fundi makini na kamati inayouliza.