Ekari za Wazee wa Meru na Kijana Aliyepata D

Mtu wa Mombasa akitajiwa Meru, aghalabu humjia kwanza miraa. Lakini iko habari nyingine ya Meru itupasayo watu wa pwani kuitia maanani, kwani imefanana mno na yetu.

Huko Nchiru, kando ya barabara iendayo Maua, wazee wa baraza la Njuri Ncheke walitoa ekari 641 ili pajengwe chuo cha ufundi. Sisi tungesema wameziwekea wakfu, ingawa wao hawana neno hilo. Zilikuwa zama za Harambee, wananchi wa wilaya nyingi wakichanga kujenga vyuo vya watoto wao, na makusudio yalikuwa mtoto wa mkulima apate ujuzi wa kumlisha.

Chuo kikastawi. Mwaka 2008 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Jirani zao wa Embu wakapita njia iyo hiyo: chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1947 kikawa Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Ni fahari, hapana shaka. Ila anayetaka shahada hudaiwa alama ya C+, na wengi wa wale waliokusudiwa tangu awali hawaifikii.

Na sisi je? MIOME, taasisi iliyopokea wanafunzi mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha za Aga Khan, Sultani wa Unguja na Mabohora, iligeuka Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Stashahada zingalipo, lakini macho ya wakubwa yako kwenye shahada.

Basi kijana wa D aende wapi? Mjini Meru kingaliko chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1956, leo Meru National Polytechnic. Humo mtu huingilia mlango wa chini, akajifunza uashi au ufundi wa bomba, na akifaulu hupanda daraja kwa daraja hadi stashahada. Kwa maoni yangu ngazi hiyo ndiyo roho ya mambo, kuliko majengo yote ya ghorofa.

Mwaka 2018 serikali iliweka ada ya vyuo hivi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ikabeba 30,000 yenyewe, na baki ikawezekana kukopwa HELB. Nafuu kubwa hiyo. Walakini ada si chumba, wala si unga, wala si nauli ya matatu. Kijana wa Tigania akichuma miraa hulipwa upesi. Akishika mwiko wa uashi chuoni hungoja cheti, na huku mwenye nyumba anabisha hodi kila mwisho wa mwezi. Wengi huachia hapo mlangoni, si darasani.