Chipu za kuendesha taa za Nixie

Chipu ya kuendesha taa za Nixie ni saketi ya elektroniki inayochagua tarakimu ya kuwaka katika saa ya taa hizo. Taa za Nixie, zilizotolewa na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955, zina gesi ya neoni na nyaya kumi zenye umbo la tarakimu 0 hadi 9. Huhitaji takriban volti 170. Maikrokontrola ya volti 5 ikiunganishwa nazo moja kwa moja huungua.

Chipu ya 74141, au K155ID1 ya Umoja wa Kisovyeti, huendesha taa moja, hivyo saa ya taa nne hutaka chipu nne. HV5622 ina pini 32 za kutolea, zinazohimili volti 220. Mbili zinatosha, ila ishara zake ni za volti 12.

Umeme huo unaweza kuua. Hukatwa, na kapasita kuachwa ziishiwe chaji, kabla ya kugusa saketi.