Plafoni ya motokari imelegea: itengeneze, lakini jilinde

Ndugu mtumishi, kazini unavaa kofia ngumu, miwani na viatu vya usalama. Siku ya mapumziko, unapotengeneza motokari yako katika lupango, vyombo hivyo viko wapi? Ajali haiulizi kama uko kazini ao nyumbani.

Leo tuseme juu ya plafoni ya motokari, kile kitambaa kinachofunika bati ya juu upande wa ndani. Katika motokari nyingi, kitambaa kimeshikamana na sponji nyembamba, na sponji imebandikwa kwa kole kwenye ubao mwepesi. Jua la Katanga linapiga bati, zaidi katika mwezi wa kumi, na ndani kunakuwa joto kali. Kisha mvua inaleta unyevu. Miaka inapita, sponji inaoza na kuwa unga. Kitambaa kinakosa pa kujishikia, kinaning'inia.

Si jambo la kucheka. Kitambaa kikishuka nyuma, shofere haoni tena vizuri katika kioo cha kutazama nyuma. Kikishuka mbele, anainua mkono kukisukuma, na macho yanaacha barabara. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari inapita karibu metre 17 kwa kila sekunde. Mtoto akivuka wakati ule, nani atamwona?

Wengine wanachoma pini. Zinashika siku chache, kisha zinaanguka kwenye kiti, na mtu anazikalia. Wengine wanapaka kole juu ya sponji ya zamani. Ni kazi bure: kole inashika unga, na unga haushiki ubao.

Kazi ya kweli ni hii:

1. Tazama kwanza kama motokari yako ina mifuko ya hewa kwenye kingo za plafoni. Kama iko, usiguse. Peleka kwa fundi anayeijua. Mfuko ukifunguka kwa ghafula, unaumiza vibaya.

2. Kama haiko, ondoa waya wa batri. Toa taa ya ndani, vibao vya kuzuia jua na vishikio. Mkiwa watu wawili, toeni ubao kwa mlango wa nyuma bila kuukunja.

3. Bandua kitambaa. Sugua sponji yote kwa burashi mpaka ubao uwe safi. Fanya hivyo nje, ukivaa miwani na kifuniko cha pua, maana unga ule unaingia machoni na kifuani.

4. Tandaza kitambaa kipya chenye sponji yake, kisha kunja nusu. Paka kole kwenye ubao na kwenye sponji. Chagua kole inayovumilia joto; kama sivyo, jua litaiachisha tena. Ngoja wakati ulioandikwa kwenye kopo. Bandika kwa kiganja, toka katikati kwenda pembeni. Kisha fanya nusu ya pili.

5. Kole ikikauka, kata matundu ya taa na ya vishikio, rudisha ubao, na mwisho rudisha waya wa batri.

Motokari za zamani, kama Volkswagen Coccinelle, hazina sponji. Kitambaa kimevutwa juu ya fito za chuma. Kikipasuka, ni kazi ya fundi wa kushona.

Sasa sikiliza vizuri, baba na mama pia. Hatari kubwa iko katika kopo la kole. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka chini na kutambaa bila kuonekana. Ukifikia mbabula inayowaka, moto unaweza kurudi mpaka kwenye kopo, na kwa mtu aliyelishika. Katika garaji iliyofungwa, mvuke huohuo unaleta kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutapika.

Kwa hiyo:
– Fanya kazi nje, kwenye upepo. Usivute sigara.
– Mama, siku ile mbabula iwe mbali kabisa, ao upike mbele ya kazi kuanza, na makaa yazimwe.
– Weka ndoo ya mchanga karibu.
– Usioshe mikono ao ubao kwa esansi.
– Usitie kole katika chupa ya limonadi; mtoto atakunywa. Akinywa, usimtapishe. Mpeleke lopitali mara moja, pamoja na kopo lenyewe.
– Ukisikia kichwa kinazunguka, acha kazi, enda kwenye hewa safi. Kama hali haitulii, enda kwa munganga.

Ndugu mtumishi, yale unayofundishwa kazini uyachukue mpaka nyumbani. Kitambaa cha plafoni kinanunuliwa sokoni. Macho na mapafu hayauzwi popote.