Je, Wajua? Mbwa asiyebweka ni jirani wa Bwera

Ukivuka mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe, karibu na Bwera, kuelekea magharibi, unaikaribia misitu ya Kongo alikotokea basenji, mbwa asiyebweka. Si bubu: hutoa mlio wa kupanda na kushuka. Wawindaji wa msitu wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Ana kilo 10 hivi na manyoya mafupi, hujiramba kama paka, na jike hupata joto la kupandwa mara moja tu kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili.

Mlinganishe na German Shepherd, kipenzi cha wanaotaka ulinzi: huyu alianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899 kama mbwa wa kuchunga kondoo. Dume hufika kilo 40, hula sana, na manyoya yake mazito humtesa katika hari ya Kasese. Lakini hufundishika upesi. Basenji ni mkaidi, na silika yake ya kuwinda ni hatari kwa kuku wako.

Penye watoto na ua mdogo, mimi ningechukua mbwa mdogo wa manyoya mafupi, hata wa kienyeji. Yeyote umchukuaye, mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka.